Kufuatilia fedha za shule ya msingi kijijini: mwongozo kwa wanachuo na viongozi wa kijiji

Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania hufungwa 30 Juni. Likizo ndefu ya vyuo vikuu huanza Julai au Agosti na kuendelea hadi Oktoba. Mwanachuo anayerudi nyumbani kipindi hicho anakuta hesabu za mwaka mzima zimekamilika, mavuno ya sehemu nyingi yameshaingia ndani, na mipango ya kijiji ya mwaka unaofuata haijaanza kuandikwa. Majuma hayo yanatosha kufuatilia fedha za shule moja ya msingi kuanzia akaunti ya benki hadi kwenye ukuta na dawati, mradi kila mtu ajue nafasi yake: mwanachuo analeta ujuzi wa kusoma hesabu, kijiji ndicho chenye swali na ndicho chenye mamlaka ya kudai jibu.

Lengo lisiwe ripoti. Ripoti nzuri za wanachuo zimejaa kwenye makabati ya vyuo na hakuna mtoto aliyepata dawati kwa sababu yake. Lengo ni azimio lililoandikwa kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, lenye cheo cha mhusika na tarehe ya mwisho. Kila hatua hapa chini ipo kwa ajili ya kufika hapo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kijiji. Mjini, kwenye mtaa, vikao vina taratibu zake, ila hesabu ni zilezile.

Msingi wa kisheria, kwa kifupi

Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuwa chombo cha juu kabisa cha kijiji. Unakutana kila baada ya miezi mitatu na unasomewa mapato na matumizi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30.

Zingatieni siku hizo 30. Kikundi kikipeleka barua Septemba, majibu yanakuja wanachuo wameshapanda basi. Barua iondoke wiki ya kwanza ya Julai, hata kama wanachuo bado wako kwenye mitihani; mwenyekiti wa kijiji au mjumbe mkazi anaweza kuipeleka.

Kuunda kikundi

Watu saba wanatosha. Wanachuo wawili, wasizidi watatu. Waliobaki wawe wakazi, wanawake wasipungue watatu, na wasitoke wote kitongoji cha jirani na ofisi. Awepo mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, maana mambo yanayomhusu huyo mtoto, kama mlango wa choo usiopitisha baiskeli ya magurudumu, hayaonekani kwa macho ya wengine. Na awepo fundi mwashi. Wengi humsahau, kisha wanasimama mbele ya jengo wasijue waangalie nini.

Wasiingie: mjumbe wa kamati ya shule (yeye ndiye atakayeulizwa), mzabuni aliyewahi kuiuzia shule chochote, ndugu wa mwalimu mkuu, na yeyote anayejulikana kuutaka uenyekiti au udiwani. Huyu wa mwisho ndiye anayeharibu kazi nyingi. Wenyeviti wa sasa walichaguliwa 27 Novemba 2024, na kikundi kikionekana kinamwandalia mtu kampeni, mkutano utagawanyika kabla hesabu hazijasomwa.

Kikundi kichaguliwe na mkutano mkuu. Kama kikao kijacho kiko mbali, halmashauri ya kijiji, inayokutana kila mwezi, iteue kwa muda na mkutano mkuu uthibitishe. Uteuzi uandikwe kwenye muhtasari. Bila hilo, mwalimu mkuu ana haki ya kuuliza "ninyi ni nani?" na hamtakuwa na jibu.

Posho msilipe. Chai na nauli ya anayetoka mbali, basi. Kikundi kilichoanza kwa posho husimama siku posho ikikosekana.

Barua

Zinahitajika mbili. Ya kwanza ni ya utambulisho: Mtendaji wa Kijiji anaandika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kupitia Mtendaji wa Kata, akiambatanisha nakala ya muhtasari uliokiteua kikundi. Wanachuo wanaotoka nje ya kijiji waambatanishe barua ya chuo chao, na wakumbuke kwamba wao si wajumbe wa mkutano mkuu. Wataongea kwa ruhusa ya mwenyekiti na hawatapiga kura.

Ya pili ni ya kuomba nyaraka, iende kwa mwalimu mkuu na nakala kwa Afisa Elimu Kata. Isainiwe na raia mkazi wa kijiji. Msiandike "tunaomba taarifa zote za fedha", maana ombi pana namna hiyo ni rahisi kulikataa. Tajeni kipindi, 1 Julai hadi 30 Juni, na tajeni nyaraka moja moja:

- taarifa za benki za akaunti ya shule kwa miezi 12
- daftari la fedha na hati za malipo pamoja na risiti zake
- mihtasari ya kamati ya shule ya kipindi hicho
- idadi ya wanafunzi kwa darasa na jinsi, kama ilivyo kwenye PReM, mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi
- leja ya stoo: vitabu, saruji, bati, madawati
- kama kuna jengo, makadirio ya gharama, mkataba wa fundi na hati za kupokelea vifaa

Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi kwenu. Siku 30 zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo. Ukipita muda bila jibu, andikeni kwa mkuu wa taasisi husika mkiomba mapitio, mkiambatanisha nakala yenye muhuri.

Hesabu ya ruzuku

Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 hubaki juu, serikali kuu, kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, sawa na shilingi 500 kwa mtoto kila mwezi. Kabla ya kuanza, thibitisheni kiwango kwenye waraka wa mwaka mnaoukagua.

Chukulia shule yenye wanafunzi 640. Inapaswa kupokea 320,000 kwa mwezi, 3,840,000 kwa mwaka. Sasa fungueni taarifa ya benki. Tuseme kila mwezi imeingia 271,000. Wengi wakifika hapa wanaruka: "Elfu arobaini na tisa zinaliwa!" Msiruke. Gawanyeni 271,000 kwa 500. Jibu ni 542. Serikali inailipa shule hii kama yenye watoto 542, yaani watoto 98 hawamo kwenye hesabu ya malipo. Linganisheni na idadi iliyo kwenye PReM. Ikiwa nako ni 542, hamna haja ya kumtafuta mwizi hapa. Takwimu ni za zamani, pengine za kabla ya uandikishaji mkubwa wa darasa la kwanza au kabla ya wahamiaji kuingia kijijini. Lakini watoto wamepoteza 98 × 6,000, shilingi 588,000 kwa mwaka, na dawa yake ni barua ya kusahihisha idadi, si polisi.

Gawanyo hilo la mia tano ndilo hesabu muhimu kuliko zote katika kazi hii. Lifanyeni mwezi kwa mwezi. Mkipata namba ileile miezi yote, tatizo ni takwimu. Mkipata 542, 542, kisha sifuri miezi miwili, tatizo ni utoaji wa fedha kutoka juu. Fedha zikiwa zimeingia kamili na hazionekani kwenye daftari la shule, hapo ndipo swali linakuwa la shule yenyewe.

Utaratibu huu wa kufuata fedha hadi shuleni ulipata umaarufu kutokana na utafiti uliofanyika Uganda mwaka 1996. Ulionyesha kwamba katika miaka ya 1991 hadi 1995 shule za msingi zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku iliyopangwa kwa ajili yao, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilikwama wilayani. Walimu wa shule nyingi hawakuwa wameiona fedha hiyo. Tanzania leo fedha haipiti wilayani, lakini tahadhari ni ileile: jueni kwanza kilichofika, ndipo muulize kilivyotumika.

Angalieni pia mambo yanayovuruga idadi. Mwaka wa fedha unakata miaka miwili ya masomo: darasa la saba wanamaliza mtihani Septemba, darasa la kwanza wanaingia Januari. Idadi ya Agosti na ya Februari haziwezi kuwa sawa. Na mkihesabu vichwa darasani, hesabuni siku nne tofauti, saa tatu asubuhi, msichague siku ya mnada. Waliopo siku moja wakiwa pungufu ya waliosajiliwa, huo ni utoro, jambo zito lakini la mjadala mwingine.

Matumizi

Chukueni hati za malipo zote kama ni chache. Zikiwa nyingi, anzeni na kumi kubwa. Kila hati ina maswali manne. Kamati ya shule iliidhinisha, na tarehe ya muhtasari inatangulia tarehe ya malipo? Kuna risiti ya mashine ya kodi (EFD), na tarehe yake inakubaliana na ya malipo? (Namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti inaangaliwa kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, TRA.) Kitu kiliingia kwenye leja ya stoo? Kitu chenyewe kipo?

Muhtasari ulioandikwa baada ya malipo ndiyo kasoro mtakayokutana nayo zaidi. Mara nyingi ni uzembe: mlango umevunjika, fundi ameitwa, kikao kikafuata. Iandikeni kama ilivyo, "malipo yalitangulia idhini kwa siku 11", bila kuongeza neno.

Majengo

Shule nyingi zinajenga kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kumlipa fundi ufundi. Hapa ndipo fundi wenu anapotoa faida.

Bati: makadirio yakisema geji 28 na juu imewekwa geji 30, jengo limepata bati jembamba. Namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba zaidi, na wasiojua husikia "thelathini" wakadhani wameongezewa. Geji huwa imepigwa chapa kwenye bati lenyewe. Isomeni na kupiga picha kabla dari haijapigwa. Dari ikishafungwa, hakuna mtu atakayewaruhusu kuibomoa ili msome.

Tofali: tofali la inchi 6 lenye uso wa inchi 18 kwa 9 huingia 9 hadi 10 kwa mita ya mraba. Ukuta wa mita 9 kwa 3 una mita za mraba 27. Toeni madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2, zinabaki 23.4. Ukuta huo umekula tofali kati ya 210 na 235. Jumlisheni kuta zote, ongezeni asilimia 10 ya zilizovunjika, kisha linganisheni na hati za mapokezi. Tofauti ya tofali hamsini kwa darasa zima si hoja. Tofauti ya elfu moja ni hoja.

Vyoo hupimwa kwa kigezo cha tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yetu ya mfano ikiwa na wasichana 312 inahitaji matundu 16. Wavulana 328 wanahitaji 14. Hesabuni yanayotumika, si yaliyojengwa: tundu lililojaa au lisilo na mlango si tundu. Ruzuku ya shilingi 500 kwa mwezi haiwezi kujenga vyoo, kwa hiyo msimlaumu mwalimu mkuu kwa pengo hilo. Liende kwenye mpango wa kijiji na bajeti ya halmashauri. Lakini lihesabiwe, na litamkwe kwa namba mkutanoni, kwa sababu msichana aliyevunja ungo anayekaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa choo chenye mlango ananyimwa haki yake sawasawa na aliyeibiwa kitabu.

Wakati huohuo ulizeni wazazi, mmoja mmoja na si mbele ya mwalimu, kama kuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Mchango wa wazazi ni wa hiari na mtoto hapaswi kufukuzwa darasani kwa ajili yake. Andikeni idadi tu. Majina ya watoto msiandike, nyuso zao msipige picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na ninyi.

Kabla ya mkutano: mwalimu mkuu aone kwanza

Hatua hii vikundi vingi huiruka, na ndiyo inayotofautisha ufuatiliaji na uvamizi. Mpeni mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya shule rasimu yenu, na muwape siku saba wajibu kwa maandishi. Mara nyingi hati "iliyopotea" inapatikana, au risiti iliyokuwa kwa mtunza fedha inaletwa. Mtu aliyepewa nafasi ya kujieleza atakuja mkutanoni na majibu. Aliyeshtukizwa atakuja na hasira, na nusu ya wazazi watamhurumia.

Katika siku hizo, hakuna karatasi inayowekwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Namba iliyotoka nusu husambaa, haiitwi ikarudi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumwangukia aliyeisambaza. Pia msiziite namba zenu "takwimu rasmi"; ni matokeo ya kikundi cha kijiji, na mseme hivyo.

Mkutano

Ombeni kwa Mtendaji wa Kijiji, kwa maandishi, kwamba taarifa ya kikundi iwe ajenda inayojitegemea na iandikwe kwenye tangazo la mkutano. Msikubali kuwekwa kwenye "mengineyo". Mengineyo huja jua limeinama, kina mama wameshaondoka kupika, akidi imevunjika, na chochote kitakachosemwa hakitakuwa azimio. Hili tukio dogo la mpangilio wa ajenda limezika kazi za miezi.

Andikeni karatasi moja ya manila, kwa kalamu nene, mistari isiyozidi mitano: kilichopaswa kuingia, kilichoingia, kilichotumika chenye uthibitisho, kilichotumika bila uthibitisho, watoto wasiohesabiwa. Asome mkazi, si mwanachuo. Mwanachuo asimame pembeni kujibu maswali ya hesabu. Dakika 15 zinatosha, kisha mwalimu mkuu apewe muda uleule.

Mjadala ukianza, mwenyekiti aombwe kuwapa nafasi wanaokaa nyuma. Wazee wa mbele wataongea hata wasipoitwa.

Maazimio yawe na mambo matatu: nani, afanye nini, hadi lini. "Mwalimu Mkuu apeleke idadi iliyosahihishwa ya wanafunzi kwa Afisa Elimu Kata ifikapo 15 Septemba" ni azimio. "Uongozi uangalie suala la wanafunzi" si azimio. Mkutano usifungwe kabla maazimio hayajasomwa kwa sauti, na muhtasari ukisainiwa na mwenyekiti na mtendaji, pigeni picha kurasa zote siku hiyohiyo.

Ikishindikana, na baada ya wanachuo kuondoka

Azimio lisipotekelezwa, linapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na kutoka hapo diwani analipeleka kwenye baraza la madiwani. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri naye anaweza kuombwa. TAKUKURU, namba ya bure 113, ni kwa jambo lenye ushahidi wa rushwa au ubadhirifu: risiti ya kughushi, fedha iliyotolewa benki isiyoonekana popote. Kuwaita kwa muhtasari uliochelewa siku 11 kunamaliza imani ya walimu kwa kikundi, na mwaka ujao nyaraka hazitatolewa.

Wiki ya mwisho ya Septemba wanachuo wakabidhi. Mkazi mmoja, si mwenyekiti, ashike daftari la kikundi: nakala za barua zenye mihuri, jedwali la mwezi kwa mwezi, picha za mihtasari zilizochapishwa, orodha ya maazimio na tarehe zake. Mfundisheni mtu huyo gawanyo la mia tano hadi alifanye peke yake kwa taarifa ya benki ya mwezi uliopita, mkiwa mmekaa kimya. Nakala ya pili ya daftari ibaki kwa kina mama wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, watu wanaokutana kila wiki na waliozoea kutunza vitabu. Kwenye mkutano mkuu unaofuata, baada ya miezi mitatu, ajenda ya kwanza baada ya kuthibitisha muhtasari iwe yatokanayo, na mwenye daftari ndiye aanze kusoma.